Kamba Ikivutwa Mpakani, Sema Siku Hiyo Hiyo

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya ugomvi ambao karibu kila mtaa wa mjini unao, na ambao watu hupenda kuusema kwa kunong'ona: ugomvi wa majirani wawili waliopakana viwanja. Huyu kajenga ukuta, umeingia kwa mwenzake. Yule mwembe wake umelalia bati la jirani. Mwingine kaamka asubuhi akakuta michongoma yake imefyekwa na mahali pake pamechimbwa msingi. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi na kuangaliana watoto hufika mahali wakapitana njiani bila salamu, na hata msiba ukitokea, mmoja hukaa mbali na turubai la mwenzake.

Ukiwauliza wanagombea nini, utaambiwa ni futi moja, au futi mbili. Hebu tupige hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Ukuta ukiingia nusu mita kwa urefu wote wa upande mmoja, kilichochukuliwa ni mita za mraba 10, yaani sehemu moja katika 40. Si kitu cha kudharau kwa mtu aliyenunua kiwanja hicho kwa jasho lake. Lakini kesi ya miaka sita, pamoja na nauli, wakili, mpima na siku za kazi zilizopotea, huweza kula zaidi ya thamani ya ukanda ule, na watu wanaendelea nayo tu. Kwa nini? Kwa sababu wanapofika barazani hawagombei tena ile nusu mita. Wanagombea dharau. "Aliniona nipo, akajenga." Na mimi naona dharau hiyo aghalabu huota mizizi katika siku chache za mwanzo, siku ambazo jambo lingeweza kusemwa na halikusemwa.

Kabla ya kufika huko, tuangalie mipaka yenyewe inatoka wapi.

Sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam, na si Dar es Salaam peke yake, ilijengwa kabla mpima hajafika. Manzese, Tandale, Buguruni, Mbagala: mashamba ya minazi na mikorosho yalikatwa vipande, na vipande vikauzwa kwa hatua. "Nakukatia hatua 20 kwa 20." Mjumbe anaitwa, mashahidi wawili wanaitwa, muuzaji anatembea, mnunuzi anahesabu kwa sauti, vigingi vinapigwa. Lakini hatua za nani? Mtu mrefu anayetembea kwa maringo huweza kufikisha mita moja kwa hatua. Mtu mfupi, au mzee mwenye maumivu ya goti, huenda asivuke sentimita 75. Hatua 20 za yule wa kwanza ni mita 20. Hatua 20 za huyu wa pili ni mita 15. Kiwanja cha kwanza kina mita za mraba 400, cha pili kina 225. Na karatasi za mauziano zinasema maneno yale yale: hatua 20 kwa 20. Miaka 15 baadaye watoto wa wanunuzi hao wawili wanasimama na karatasi zao mkononi, kila mmoja akiapa kuwa mwenzake ni mwizi, kumbe wote wanasema kweli.

Karatasi hizo zina jambo jingine. Zisome vizuri: "Kaskazini anapakana na Mzee Fulani, kusini njia iendayo kisimani, magharibi mnazi, mashariki mwembe mkubwa." Mzee Fulani kafariki, nyumba imeuzwa mara mbili. Kisima kimefukiwa siku nyingi na njia yake imekuwa kibanda cha chipsi. Mnazi uliangushwa na upepo wa kusi. Kilichobaki kati ya vyote vilivyotajwa kwenye karatasi ni mwembe peke yake. Basi siku jirani anapoleta mtu wa msumeno akaukata mwembe ule, kwa nia njema kabisa, kwa sababu majani yake yanaziba mfereji wa maji ya paa, mwenzake akitoka nje anapiga kelele kama aliyevunjiwa nyumba. Wapita njia wanashangaa: kelele zote hizi kwa ajili ya embe? La hasha. Mti ule ulikuwa hati. Kaona hati yake inapasuliwa vipande vya kuni mbele ya macho yake.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya sisi kuja mijini. Ukienda Kilimanjaro, kwa Wachagga, utaona mipaka ya vihamba imepandwa masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani usiokauka. Tawi lake likikatwa na kuchomekwa ardhini huota, na likishaota si rahisi kulihamisha usiku bila alama kubaki. Kwa Wapare nako mmea huo huo husimama mpakani. Na kwa Wachagga sale lile lile linalogawa ardhi ndilo linalobebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha, na aliyepelekewa sale huona uzito kumkatalia aliyelileta. Huku mjini tumeleta saruji na nondo, lakini hatukuleta kitu chochote cha kushika nafasi ya sale la pili.

Tahadhari moja kuhusu ua wa mimea, maana wengi bado wanautumia, ama wa michongoma, ama wa minyaa ile yenye utomvu unaounguza macho. Ua wa namna hiyo hutembea. Kila mvua unanenepa. Mwenye bidii anaufyeka upande wake, mvivu anauacha, na ua unasogea polepole kuelekea kwa mvivu, au tuseme shina jipya linachipua upande usiofyekwa na shina la zamani linakufa. Baada ya miaka kumi, mstari umehama hatua nzima na hapana mtu aliyedhamiria. Anayekuja kuvuta kamba ya ukuta katikati ya ua kama anavyouona leo, anajenga juu ya mpaka ambao haukuwapo siku ya kununua.

Kwa kiwanja kilichopimwa, mambo ni tofauti, na ingepaswa yawe rahisi. Mpima ameweka bikoni katika kila pembe: kipande cha chuma kilichochimbiwa ndani ya zege, chenye namba, na namba hiyo imo kwenye ramani iliyoidhinishwa. Bikoni ikipotea, mpima hurudi na vipimo vyake akaipata sehemu ile ile, kwa sababu mahali pake pameandikwa kwa tarakimu, si kwa kumbukumbu za wazee. Ndiyo maana kung'oa bikoni au kuihamisha kwa hila ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, wala si utani wa majirani. Lakini hebu jiulize, ndugu msikilizaji uliye na hati miliki kabatini: mara ya mwisho kuziona bikoni zako zote nne ilikuwa lini? Wengi wetu tulionyeshwa siku ya kukabidhiwa, kifusi kikamwagwa, maua yakapandwa, basi. Tunajenga ukuta wa mamilioni kwa kufuata ukuta wa jirani, na yeye alifuata wa jirani yake, mpaka mwisho wa barabara ambako aliyeanza alikisia. Kumwita mpima mwenye leseni afukue bikoni kabla ya kuchimba msingi ni gharama, sikatai. Iweke gharama hiyo pembeni ya bei ya tofali peke yake, halafu uamue.

Sasa nirudi kwenye zile siku za mwanzo.

Ukuta hauoti usiku mmoja kama uyoga. Kwanza inakuja kamba. Fundi anapiga mambo mbili, anavuta kamba, anamwaga chokaa. Siku hiyo mpaka bado ni uzi tu. Kuusogeza ni kazi ya dakika tano na hakuna aliyepoteza shilingi. Kesho yake ni mtaro wa msingi, na kuusogeza ni kibarua cha siku moja. Wiki ijayo ni mawe na zege. Mwezi ujao ni kozi sita za tofali, lipu na vipande vya chupa juu. Kila hatua inayopita, kurudi nyuma kunakuwa kwa gharama na kwa aibu zaidi, na mtu aliyekwisha kuona aibu hasikilizi hoja.

Na jirani siku ya kamba anafanya nini? Anachungulia dirishani. Anamwambia mkewe, "Unaona? Ameingia." Mkewe anamjibu, "Acha, baba, tusianze maneno na watu." Anatoka, anamsalimia fundi, anauliza habari za saruji, anarudi ndani. Anauita ukimya huo ujirani mwema. Baadaye ukuta ukisimama, anaanza kuwaambia watu wengine wote isipokuwa mhusika. Yanamfikia mhusika kwa mdomo wa tatu, yakiwa yametiwa chumvi, naye anaapa kwamba alimsalimia kila siku na hakusema neno. Na kweli hakusema.

Sheria nayo ina macho juu ya ukimya. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 ya kufungua shauri la kudai ardhi yake, kuanzia siku aliyoondolewa katika ardhi hiyo. Miaka hiyo ikipita, mlango wa baraza na wa mahakama unafungwa, hata kama karatasi zako ni safi kama maji ya mtungi. Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba yeyote akikaa miaka 12 basi ardhi inakuwa yake kwa urahisi huo. Mahakama zetu ni kali, hutaka kuona alikaa waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, bila kukatizwa, na aliyekaribishwa hawezi kugeuza ukaribisho kuwa umiliki. Kwa hiyo jirani uliyemruhusu aanike mahindi kwenye ukanda wako hakunyang'anyi kwa kuanika. Lakini yule aliyejenga ukuta, akapanda migomba ndani yake, na wewe ukamtazama mwaka baada ya mwaka, saa inahesabu. Na hata kabla ya miaka 12 kutimia, mashahidi wanakufa, mjumbe aliyeshuhudia anahamia kwa mwanawe Morogoro, na msemaji mbele ya baraza anabaki kuwa ukuta peke yake.

Basi siku ya kamba toka nje. Usitoke na panga wala na watoto nyuma yako. Toka na karatasi yako, mwite jirani kwa heshima yake, "Baba fulani, au mama fulani, naomba tuangalie mstari huu pamoja kabla fundi hajaendelea." Kama mnakubaliana, vizuri. Kama hamkubaliani, mwombe fundi asimame siku mbili, umwite mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, na waitwe waliopakana nanyi pande nyingine, maana mpaka wa wawili huthibitishwa na wa tatu na wa nne. Kukataa kwako kuandikwe, kuwe na tarehe. Barua fupi ya mistari mitano iliyopokelewa na kugongwa mhuri katika ofisi ya mtaa ina nguvu kuliko miaka mitano ya manung'uniko. Na kama jirani anaendelea kujenga kwa kiburi, hapo ndipo mahali pa kuomba amri ya zuio, si baada ya kupaua.

Wengi, badala ya kufanya hivyo, hukimbilia polisi. Wanataka jirani alale ndani usiku mmoja "apate adabu", kwa shitaka la kuingia kwa jinai katika kiwanja cha mtu. Njia hii ni ndefu kuliko inavyoonekana. Mahakama Kuu yetu, katika uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1992, ilieleza kwamba shitaka la jinai la kuingia katika ardhi ya mtu haliwezi kusimama wakati umiliki wa ardhi yenyewe bado unagombaniwa na haujaamuliwa katika shauri la madai. Maana yake ni kwamba utapoteza mwaka kwenye mahakama ya jinai, kisha uambiwe uanze upya kwenye ardhi. Na kwa wakati huo jirani amekwisha kulala ndani ule usiku mmoja, na hatausahau.

Njia yenyewe ni ipi? Chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, mgogoro wa ardhi wa mjini huanzia Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na mwisho Mahakama ya Rufani. Lakini kuna badiliko ambalo watu wengi bado hawajalisikia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena uwezo wa kuamua nani mshindi. Kazi yake imebaki ni kusuluhisha. Likishindwa, linatoa cheti kwamba limeshindwa, na cheti hicho ndicho tiketi ya kwenda Baraza la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu ulipopeleka shauri bila suluhu, unaruhusiwa kwenda mbele hata bila cheti.

Wapo wanaosema Baraza la Kata limekatwa meno, na kwamba kwenda huko sasa ni kupoteza siku 30. Mimi naona kinyume. Baraza lenye wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu wao wakiwa wanawake, watu wa kata hiyo hiyo wanaoujua mwembe unaozungumzwa, na ambapo mawakili hawaruhusiwi kusimama kumsemea mtu, hapo ndipo mahali panapoweza kutazama mti na ukuta badala ya kutazama nukta na mkato. Zamani mtu alikwenda pale kushinda. Alificha udhaifu wa karatasi yake. Leo hakuna cha kushinda pale, basi anaweza kukiri kwamba hatua za baba yake zilikuwa fupi. Aendaye kwa ajili ya kupata cheti tu anajikosesha mwenyewe.

Ukifika huko, na zaidi ukifika Baraza la Wilaya, usiseme "kiwanja changu cha Mbagala" ukadhani umemaliza. Ardhi inayodaiwa lazima itambulike: namba ya kiwanja na kitalu kama kimepimwa, na kama hakijapimwa, vipimo na majina ya waliopakana kwa kila upande. Mashauri yameanguka kwa sababu hiyo moja tu. Unaweza kuomba baraza litembelee eneo, lakini usitarajie liwe jambo la kila mara. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1980 kwamba ziara hizo ni za pale panapohitajika kwelikweli, pande zote ziwepo, na yaliyoonekana huko yaandikwe na kusomwa mbele ya wote. Ukiwa na picha zilizopigwa siku ya kamba, umewarahisishia.

Sasa tuje kwenye miti yenyewe, maana hapa ndipo maswali ni mengi: tawi likivuka, ni la nani? Na embe je?

Jibu lake lina safari ya ajabu kidogo. Sheria yetu inayohusu jinsi mahakama zinavyotumia sheria inaziagiza kufuata misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920, kwa kadiri hali ya nchi yetu na watu wake inavyoruhusu. Na majirani wa Kiingereza walikwisha kugombana juu ya miti kabla ya tarehe hiyo. Mwaka 1894 shauri la Lemmon na Webb lilifika katika Baraza la Mabwana, mahakama yao ya juu kabisa wakati huo. Webb alikuwa amekata matawi ya miti ya Lemmon yaliyovuka mpaka, bila kumpa taarifa. Mabwana wale wakasema alikuwa na haki, hata kama matawi yalikuwa yamening'inia miaka mingi, mradi alikata yaliyo upande wake tu na hakukanyaga ardhi ya mwenzake. Kisha mwaka 1919, katika shauri la Mills na Brooker, mtu mwingine alikata matawi ya mitofaa yaliyovuka, akachukua na matofaa akayauza. Huyo alishindwa. Kukata ni haki yako, matunda si yako.

Kwa hiyo, tawi la mwembe wa jirani likilalia bati lako, unaweza kulikata mpaka kwenye mstari, ukiwa umesimama kwako. Usipande ukutani ukaingia kwake, usikate hata shubiri moja ng'ambo ya mstari, na kuni pamoja na maembe umrudishie mwenyewe. Mizizi nayo ni hivyo hivyo: ikivuka kuja kupasua karo lako, unaweza kuikata mpakani. Ikiwa imekwisha kuleta hasara, msingi umepasuka au choo kimejaa udongo, hayo ni madai ya fidia, na hapo taarifa uliyompa mapema itakufaa sana. Webb hakuhitaji kutoa taarifa. Wewe itoe. Mnazi mrefu unaoegemea nyumba yako hauna tawi la kukata hata hivyo. Kinachoning'inia ni nazi, na nazi moja ikitoka juu huweza kutoboa bati au kuua mtoto. Mwandikie mwenye mnazi kabla ya msimu wa upepo. Akipuuza na hasara ikatokea, hawezi tena kusema hakujua.

Mti ulioota juu ya mstari wenyewe, shina likiwa nusu huku na nusu huko, uhesabuni kuwa wa wote wawili, wala mmoja asiukate peke yake. Na kabla ya kuangusha mti mzima, uwe wako au wenu, pita kwanza ofisi ya mtendaji wa kata uulize kibali, usije ukamaliza ugomvi na jirani ukaanza mwingine na halmashauri.

Niseme pia kwamba haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ardhi si jambo la Muungano. Wana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 na mahakama yao ya ardhi. Huko, na katika sehemu nyingi za mwambao, ni jambo la kawaida mti kuwa wa mtu mmoja na udongo chini yake kuwa wa mwingine, mkarafuu wa huyu kwenye ardhi ya yule, kwa hiyo usikimbilie kusema kilicho ndani ya ua ni chako. Na wasikilizaji wetu walioko Mombasa na Nairobi wana utaratibu wao: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inazuia mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza msajili wa ardhi awe ameuamua mpaka wenyewe. Kule mtu wa vipimo anatangulia, hakimu anafuata. Natamani na sisi tungekuwa hivyo.

Kuna ukuta mmoja ambao haumgusi jirani wa pembeni peke yake, nao ni ule unaosogezwa nje, kwenye njia. Katika mitaa isiyopimwa kila mtu akiiba nusu mita ya kichochoro, kwa kuwa kichochoro hakina mwenyewe wa kupiga kelele, njia ya mita tatu inabaki mita moja. Gari la kunyonya majitaka haliingii, basi karo zinatapishwa wakati wa mvua, na kipindupindu tunakijua. Gari la zimamoto haliingii. Mitaa mingine jeneza huinamishwa ubavu, waombolezaji wakilipitisha juu ya kuta kwa kupokezana. Na mara nyingi mwenye ukuta ule naye ni miongoni mwa wanaolipokea.

Mwisho ni suala la nani alipe. Ukijenga ukuta wote ndani ya mstari wako, pamoja na msingi wake, maana msingi huwa mpana kuliko tofali, basi ni wako, unalipa mwenyewe, na jirani haruhusiwi kuchomeka boriti zake humo bila idhini yako. Kumbuka pia kwamba upenu wa paa lako na matone yake visivuke. Mkitaka kujenga juu ya mstari, mjenge kwa pamoja, lakini andikeni kwanza: ukuta utakuwa wa urefu gani, kila mmoja atatoa nini, nani ataukarabati ukipasuka, na mmoja akiuza nyumba mnunuzi atafuata nini. Kama mpaka ulikuwa mwembe na mmekubaliana ukatwe, pimeni kwanza kutoka shina lake hadi kona za nyumba zote mbili, vipimo viandikwe kwa mita, si kwa hatua. Wenzi wenu nao waweke sahihi, waliopakana nanyi washuhudie, na nakala moja ibaki ofisi ya mtaa. Mtu wa msumeno aje baada ya hapo.